Mtu Aliyeshika Mwavuli wa Nawabu

Mwezi wa Aprili mwaka 1960, mvua za masika zikiwa katikati, tulimpoteza Jivan Bhai, mpiga picha wa Bukoba. Mwaka uliofuata studio yake ilifungwa. Kamera kubwa ya mbao ilipakiwa melini kwenda Mwanza, na mimi nikabaki na brashi tatu na macho ambayo hayaioni tena ncha ya brashi.

Vijana wawili waliofungua studio karibu na soko wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Nadhani wanataka kujua habari za dawa za kusafishia picha na vipimo vyake. Hayo yameandikwa kwenye makopo. Nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye makopo.

Nilizaliwa Ijumbi, nikasoma hadi darasa la nne, nikaja mjini kutafuta kazi ya kubeba magunia ya kahawa gatini. Sikufika gatini. Nilisimama mbele ya dirisha la studio nikitazama picha zilizopangwa, mpaka Mhindi mmoja mwembamba akatoka nje.

“Unatazama nini?”

“Huyu mama jicho lake moja ni kubwa kuliko la pili.”

“Mwenyewe hakuona,” alisema. “Mume wake pia hakuona. Ingia ndani.”

Ndivyo nilivyoajiriwa. Mwaka wa kwanza wote nilisafisha picha kwa maji. Mnaweza kucheka, lakini picha nyingi huharibikia hapo. Maji ya ziwa yana vitu vidogo ambavyo huvioni mpaka vikauke kwenye paji la uso la mke wa mtu. Tulitumia maji ya mvua, tuliyoyakinga kwenye pipa na kuyachuja kwa kitambaa mara mbili. Wakati wa kiangazi Jivan Bhai aliyalinda maji yale kuliko watu wengine walivyolinda binti zao.

Baadaye akanifundisha kupaka rangi. Picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe, nasi tuliziweka rangi kwa mkono: rangi ya mafuta kidogo sana, pamba iliyozungushwa kwenye njiti ya kiberiti, na subira. Kanuni yake ilikuwa moja tu. Rangi ni ya mteja. Mteja akisema gauni lilikuwa la bluu, basi lilikuwa la bluu, hata kama amelivaa mbele yako na ni la kijani. Baada ya msimu wa kahawa watu wa Muleba walikuja kupigwa picha, na wengi waliokuja peku waliomba wachorewe viatu. Nimewavisha viatu watu wengi wa Muleba kuliko duka lolote la mjini.

Picha niliyoipaka rangi mara nyingi kuliko zote siku zile ilikuwa ya Mukama, mfalme wetu wa Kihaya. Kila nyumba yenye ukuta ilimtaka. Bibi yangu pale Ijumbi alikaa maisha yake yote kwenye shamba la nyarubanja, maana yake migomba ilikuwa yake kulima na ya mkubwa mmoja wa ikulu kuvuna. Mkungu wa kwanza ulikwenda huko, na rubisi ya kwanza pia, pombe yetu ya ndizi. Mukama alipofariki, bibi alinyoa nywele akakaa chini siku nzima bila kula. Nilimwuliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba nimepoteza akili kule mjini. “Alipita hapa mara moja,” alisema. “Ngoma zilisikika tangu asubuhi.” Nawaeleza hili mapema ili msije mkadhani kwamba nawacheka Wahindi.

Ng’ambo ya barabara, mkabala na studio, palikuwa na duka la vitambaa la Haji Suleman. Yeye na Jivan Bhai walizaliwa mtaa mmoja, katika mji uitwao Khandor, uliokuwa makao ya dola ndogo ya Nawabu upande wa Gujarati. Nawabu ni mtawala, kama Mukama kwetu. Jivan alikuwa Mhindu, Haji Mwislamu. Walikuja Bukoba wakiwa vijana, mmoja akimfuata mwenzake, na kila jioni walikaa kwenye baraza ya duka la Haji wakigombana kuhusu Nawabu. Waligombana kwa Kigujarati, na kwa kuwa hoja zilikuwa zile zile kila jioni, niliielewa lugha yao bila kufundishwa.

“Mwaka wa njaa alifungua maghala,” Haji alikuwa akisema.

“Nafaka ilikuwa ya nani?”

“Alifungua, hakufungua?”

“Alifungua.”

“Basi.”

Naye Jivan alikumbusha habari ya tiara. Nawabu yule alipenda kurusha tiara za karatasi. Msimu wake ulipofika mahakama ilifungwa, kwa sababu hakimu ndiye aliyeshika kibiringo cha uzi wa Nawabu. Binamu yake Jivan alikaa mahabusu majira mazima akingoja upepo utulie. Haji hakuwahi kulikana hilo. Alisema tu kwamba tiara zile zilikuwa nzuri sana.

Kisha Uingereza ikaondoka kule kwao, nchi ikagawanywa mbili, India na Pakistani ya Waislamu. Khandor ikabaki India. Nawabu akaondoka na kwenda Karachi, upande wa Pakistani, na dada mkubwa wa Haji, Khatija, akaenda huko na mumewe. Hapa Bukoba hakuna aliyeondoka popote, lakini ghafla watu walihitaji kujua nani ni nani. Nilikuwepo kwa kinyozi siku Haji alipoulizwa.

“Sasa Haji, wewe ni Mpakistani?”

“Sijawahi kufika huko.”

“Basi ni Mhindi.”

“Nako wanasema nimekwisha kuondoka.”

“Sasa tukuiteje?”

“Mimi ni mtu wa Khandor, nakaa Bukoba, na upande wa kulia bado hujakata.”

Kulikuwa na familia nyingine za Khandor hapa mjini, za dini zote mbili, na zile hazikuwa na mzaha. Wengine waliacha kusalimiana. Wengine walianza kununua chumvi duka la mbali. Jivan na Haji waliendelea kukaa barazani, na kila upande ukawaona wasaliti kidogo.

Miaka michache baada ya hapo macho ya Haji yalianza kuingia ukungu. Daktari alimwambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia litafuata. Siku ile ile alivuka barabara, akaingia studio bila kubisha, akatoa kwenye mfuko wa koti picha ndogo kama kiganja cha mtoto. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nawabu alikuwa amesimama mbele ya ngazi za kasri, mkono kiunoni. Nyuma yake mtu mwembamba alikuwa ameinua mwavuli mkubwa wenye shada.

“Huyu nyuma ndiye baba,” Haji alisema. “Nilikuwa na miaka sita alipofariki. Naikumbuka mikono yake. Uso siukumbuki. Nikuzieni picha hii iwe kubwa kama dirisha, muitengeneze, nimwone kabla sijafunga.”

Alisema kufunga kama mtu anayesema habari za duka.

Jivan aliishika picha kwa ncha za vidole. “Sikuzi Nawabu katika studio yangu.”

“Sikuombi Nawabu, Jivan. Nakuomba baba.”

“Basi Nawabu nitamkata. Nitakupa baba yako peke yake.”

Haji alifikiri. “Ukimkata Nawabu, baba yangu atakuwa amemshikia nani mwavuli? Watu watasema tazama mwendawazimu huyu, amesimama juani anaukinga upepo usipate joto.”

Jivan alinikabidhi picha.

“Kaijage,” aliniambia, “ipeleke chumba cha giza kabla sijabadili mawazo.”

Picha iliyofifia hukuzwa polepole, mara kadhaa, na kila mara unaongeza weusi kidogo. Ukiwa na haraka utapata chembechembe tu badala ya sura. Ilituchukua siku nyingi. Mwishowe karatasi kubwa ilipolala ndani ya dawa na sura kuanza kujitokeza chini ya taa nyekundu, wa kwanza kutokea alikuwa Nawabu: masharubu, mkufu, hata kifungo kilichokuwa kimelegea. Kisha akaja baba yake Haji. Kilemba kilikuwepo. Masikio mawili yalikuwepo. Mikono ilikuwepo, na mishipa yake imesimama kwa uzito wa mpini. Mahali pa uso palikuwa peusi kabisa. Mwavuli ulitupa kivuli nyuma, na kivuli kilimwangukia aliyeushika.

Vijana wangu, hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Uso uliofifia unaweza kuutafuta. Uso ambao mwanga haukuugusa, haupo.

“Utauchora,” Jivan alisema. “Mimi nilimjua. Nitakuelekeza.”

Tuliketi mezani, mimi na brashi nyembamba kuliko zote, yeye kwenye kigoda. “Pua ndefu,” alisema. Nikachora. “Si ndefu hivyo.” Nikafuta. Kisha alinyanyuka, akaenda mlangoni, akasimama kidogo kama anayetazama mvua, akarudi. “Nyusi zinakutana katikati.” Nikachora. Akaenda tena mlangoni. “Chini ya mdomo kuna shimo dogo.” Alipokwenda mara nyingine nikainua kichwa nikatazama anachotazama. Ng’ambo ya barabara Haji alikuwa amekaa mbele ya duka lake akipepea nzi.

Niliweka brashi chini.

“Bhai, ulimjua kweli mzee huyu?”

“Nilimwona kila siku.”

“Uso wake?”

Alirudi akaketi kwenye kigoda. “Mtu anayembebea mwingine mwavuli hukimbia,” alisema. “Nawabu akipita kwenye mtaa wetu tuliinamisha vichwa. Tulipoviinua, mshika mwavuli alikuwa amekwisha kupita, anakimbia nyuma yake. Nilimjua mgongo.”

“Sasa tufanyeje?”

“Mtoto hufanana na baba. Paka ndevu ziwe nyeusi, mpunguzie miaka kidogo machoni. Haji anangoja.”

Nilipaka. Uso ulikaa vizuri. Kama kazi, ni miongoni mwa nilizozifanya kwa ustadi mkubwa, na hilo halikunifurahisha.

Haji alikuja na kioo cha kukuzia. Aliisogelea picha mpaka pua ikaigusa karibu, akaupitia uso ule kidogo kidogo kwa jicho lake moja. Alichukua muda mrefu. “Ndiye,” alisema. Kisha akamkumbatia Jivan, ambaye alikuwa akitafuta kwa bidii kitu fulani ndani ya droo.

Picha ilitundikwa dukani, juu ya marobota ya khanga, na hapo tukapata kazi ambayo hatukuitafuta. Watu wa Khandor walianza kuingia studio mmoja mmoja, kwa kujificha, kila mmoja akitaka Nawabu wake. Na rangi ni ya mteja. Muuza vyuma mmoja Mwislamu alimtaka mwenye kilemba cha kijani, na nyuma yake bendera yenye mwezi. Nilimwambia bendera haionekani pichani. Alisema ilikuwepo, ila mpiga picha alisimama vibaya. Mhindu mwenye mashine ya nafaka alimtaka mwenye kilemba cha zafarani, kwa sababu Nawabu aliwahi kutoa kiwanja cha hekalu, na mtu wa namna hiyo hawezi kuvaa kijani. Bibi mmoja alimtaka mweupe kama maziwa. Kijana mmoja, aliyezaliwa hapa hapa Bukoba na hajawahi kuvuka ziwa, alimtaka mweusi, kwa kuwa baba yake alimwambia Nawabu alikuwa na roho nyeusi, lakini alimtaka hata hivyo, kwenye fremu ya dhahabu.

“Sasa nina Manawabu ukuta mzima wanakauka,” Jivan alilalamika. “Kule tulikuwa na mmoja tu, na alitutosha.”

Habari ya mshika mwavuli hakuna aliyeniuliza. Wawili waliomba aondolewe. Nilimwondoa, nikaubakiza mkono, kwa sababu mpini hauwezi kusimama wenyewe.

Mwaka uliofuata dada yake Haji alipata ruhusa ya kusafiri. Alipanda meli kutoka Karachi hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, halafu meli ya ziwani, akateremka Bukoba mwanamke mrefu mwenye fimbo na sauti ya kuamrisha. Alikuwa amemzidi Haji miaka tisa na ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Haji, ambaye sasa alitambua watu kwa sauti zaidi kuliko kwa sura, alituita dukani, mimi na Jivan, ili dada yake atushukuru. Alikuwa amevaa kanzu mpya. Tangu wiki iliyotangulia alikuwa akimwambia kila mteja kwamba dada anakuja kumwona baba.

Khatija aliingia, akaiona picha ukutani, na kabla ya lolote akainua mkono kwenye paji la uso akamsalimu Nawabu.

“Dada, bado unamsalimia?” Jivan aliuliza.

“Mazoea. Karachi tunakwenda kwake kila Idi. Anakaa nyumba ya kupanga, ana kiti kimoja kizuri. Tunapita mbele yake tunainama.”

“Aliwaaga alipoondoka Khandor?”

“Hakutuaga. Tuliamka tukakuta bendera haipo.”

“Na mnamwinamia.”

“Sasa tumwinamie nani, Jivan? Kule hakuna mwingine anayejua tulikotoka.”

Jivan alikunywa chai yake. “Binamu yangu bado yuko Khandor,” alisema. “Anasema siku hizi wanaisifu zamani. Nawabu alikuwa mwema, aliwasimamishia watu mahakama ili warushe tiara.”

“Binamu yako yupi?”

“Yule aliyekuwa ndani.”

Walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliokula chungu kimoja. Haji hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya picha, mikono nyuma, akingoja.

“Na baba?” aliuliza. “Dada, baba yukoje?”

Khatija alisogea. Aliegemea fimbo, akatazama. Mimi nilitazama sakafu. Jivan alikuwa na kikombe kitupu mdomoni na aliendelea kukinywa.

“Nani kamchora?”

“Sisi,” Jivan alisema.

“Baba hakuwa na ndevu hizi. Wala pua hii.” Aligeuka akamtazama mdogo wake, kisha picha, kisha mdogo wake tena. “Suleman, huyu ni wewe. Wamekuweka wewe nyuma ya Nawabu.”

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua khanga alizirudisha taratibu akatoka nje. Jivan aliweka kikombe chini.

“Sikuwahi kumwona uso, Suleman,” alisema. “Nilitazama wako nikamwambia Kaijage.”

“Kwa hiyo niliyemwona kwa kioo…”

“Ulijiona mwenyewe.”

Nilidhani atatufukuza. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, “Dada, hakuna chochote chake? Hata kidogo?”

Khatija alirudi pichani. Alitazama muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza.

“Masikio,” alisema. “Masikio ni yake. La kulia lilikunjwa juu hivi. Nilikuwa nikilivuta akinibeba.”

Masikio yale hatukuwa tumeyagusa, mimi wala Jivan. Yalikuwa pichani tangu mwanzo.

“Nionyeshe.”

Alimshika mdogo wake kidole cha shahada akakipeleka juu ya kioo hadi kwenye sikio la kulia. Haji alikiacha hapo. Jivan alisimama, akaitoa picha ukutani na kuilaza mezani, akafungua fremu na kutoa kioo. Uso tuliufanya kwa rangi ya maji, nayo hutoka kwa pamba iliyoloweshwa mate, kazi ya kila siku kwa mtu wa ufundi wetu. Alilowesha pamba mdomoni akaanza na ndevu.

“Unafanya nini?” Haji aliuliza.

“Namtoa mtu huyu usoni pa baba yako.”

Alifuta polepole, bila kuharibu kilemba, mpaka weusi ukarudi. Alipomaliza, Haji alilitafuta tena sikio lile kwa kidole.

“Kaijage anaweza kujaribu tena,” Jivan alisema. “Dada akieleza.”

“Hapana,” Haji alisema. “Mwache kivulini. Masikio yananitosha.”

Tuliirudisha kwenye fremu tukaitundika mahali pake. Nawabu alikuwa na mashavu mekundu, mkufu wa dhahabu, kilemba ambacho hakuna watu wawili waliokubaliana rangi yake, na nyuma yake masikio mawili na mikono.

Tulipokuwa tunaaga Khatija alituita.

“Na mimi nataka moja ya kupeleka Karachi.”

“Ya baba?” Jivan aliuliza.

“Baba na Nawabu, kama ilivyo hii. Ila Nawabu mumfanye mweupe kidogo. Uzeeni amekuwa mweusi, na watu wakimwona wanahuzunika.”

Nilimtazama Jivan Bhai, nikingoja akatae.

“Umesikia,” aliniambia.

Tulivuka barabara. Nikabandika karatasi kwenye ubao, nikazungusha pamba kwenye njiti, nikaanza na mashavu ya Nawabu.